Hiace ya kambi: ubaki na rimu za chuma za inchi 15 au uhamie alumini za 16?

Hiace yangu ni ya mwaka 2007, dizeli, paa refu. Ilishuka bandarini Dar es Salaam ikiwa gari la mizigo. Sasa ina kitanda, jiko la gesi, friji, betri mbili na tangi la maji la lita 100. Tunalala humo mimi, mama watoto na vijana wetu wawili, na imeshatufikisha Pangani, Kondoa, Mkomazi, Ziwa Natron, na kule ng'ambo hadi Marsabit. Kwa miaka sita nimeibadilisha viatu mara tatu: kutoka rimu za chuma za inchi 15 kwenda alumini za 17, halafu alumini za 16, halafu nikarudi chuma.

Wenye magari kama haya huniuliza swali moja: matairi yameisha, rimu zimechoka, ninunue nini? Jibu fupi ni hili. Kama safari zako huishia kwenye lami, alumini za inchi 16 zenye matairi ya 215/65R16C (upana milimita 215, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 16, na C ni ya magari ya mizigo) zitakufurahisha. Kama unaingia vumbi, mawe na rasta, yaani barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo, baki na chuma za inchi 15 na matairi ya Hiace yenye plai 8 (plai ni daraja la uimara wa tairi). Jibu refu linataka hesabu kidogo, na naomba uvumilie tuifanye pamoja, kwa sababu kosa la tairi halionekani dukani. Huonekana kilomita 90 kutoka kwa fundi, jua linazama na watoto wana njaa.

Nazungumzia Hiace ya umbo lililotoka mwaka 2004, ile ambayo Kenya wanaiita "box". Zilizotangulia, zile za "shark", nyingi huvaa inchi 14 na vipimo vyake ni vingine, ila namna ya kufikiri ni ileile.

Anzia mizani

Daladala hupakia watu, kisha wanateremka. Gari likishageuzwa nyumba, mzigo haushuki tena. Kabati, godoro, maji, mtungi wa gesi, vyote vinalala juu ya matairi usiku na mchana, hata mwezi ambao hukusafiri kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei nilipeleka gari kwenye mizani ya ghala la nafaka, tangi limejaa, sote wanne ndani. Ekseli ya nyuma ilisoma kilo 1,620. Nikamwomba kijana wa mizani nipime tena upande mmoja mmoja. Nyuma kushoto kilo 860, nyuma kulia 760. Sababu niliijua palepale: tangi na betri zote nilizifunga upande wa kushoto.

Hiyo 860 ndiyo namba niliyokwenda nayo dukani. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba 96 maana yake kilo 710 kwa tairi moja; 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, 107 ni kilo 975, 109 ni kilo 1,030. Ukiona mbili zimeandikwa pamoja, kama 107/105, ya kwanza ni ya gari lenye tairi moja kila upande na ya pili ni ya gari lenye matairi mawili mawili nyuma. Hiace yetu inasoma ya kwanza. Herufi L ni mwendo wa kilomita 120 kwa saa, N ni 140, R ni 170. Kwa nyumba ya magurudumu yote hayo yanatosha.

Uzito huo hubebwa pale tu upepo unapofika kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwenye tairi la 107 mara nyingi utasoma kilo 975 kwa kPa 450, yaani PSI 65. Ukilijaza PSI 35 kwa sababu "linakuwa laini", umeshajipunguzia sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia.

Sasa mtego ninaoomba kila mtu aujue. Suzuki Jimny iliyoanza mwaka 2018 inavaa 195/80R15, saizi ileile inayoandikwa kwenye Hiace nyingi za kutoka Japani. Dukani yanapangwa rafu moja. Yanaingia rimu moja, kimo chake ni kimoja, na lile la Jimny mara nyingi lina meno ya kuvutia macho. Lakini mwisho wa maandishi lile la Jimny limeandikwa 96S na la Hiace 107/105. Tofauti yake ni kilo 265 kwa kila tairi. Mwenzetu mmoja wa kambi alifunga ya 96 manne kwenye gari zito kuliko langu, akafika nalo Singida ubavu mmoja umetoa nundu kubwa kama yai la bata. Namshukuru Mungu alisimama kujinyoosha akaliona.

Hizi hapa saizi ambazo watu huzifikiria, zikae kando kwa kando. Kimo na ubavu ni kwa milimita, kwa hesabu ya saizi yenyewe; kila kiwanda hupishana kidogo. LT ni tairi la magari mepesi ya mizigo, na AT ni la njia zote, lami na vumbi.

| Saizi | Kimo | Ubavu | Namba ya uzito | Matairi mawili hubeba |
|---|---|---|---|---|
| 195/80R15 LT (ya Hiace) | 693 | 156 | 107 | kilo 1,950 |
| 215/65R16C | 686 | 140 | 109 | kilo 2,060 |
| 215/60R17C | 690 | 129 | 109 | kilo 2,060 |
| 225/70R15C | 696 | 158 | 112 | kilo 2,240 |
| 215/75R15 AT, plai 6 | 704 | 161 | 100 | kilo 1,600 |
| 195/80R15 (ya Jimny) | 693 | 156 | 96 | kilo 1,420 |

Lile linalouzwa kwa jina la 195R15C plai 8 ni ndugu wa mstari wa kwanza. Kwa kawaida lina namba 106, kwa hiyo mawili ni kilo 1,900. Mistari miwili ya mwisho kwangu ilikufa hapohapo kwenye karatasi, kabla sijauliza bei.

Chuma ya inchi 15

Mwaka jana tulipita barabara ya Mto wa Mbu kwenda Natron. Kabla ya Engare Sero kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha, na moja nililigonga kwa gurudumu la mbele kushoto nikiwa nakwepa jingine. Halikupasuka. Upepo ulianza kutoka polepole, na mdomo wa rimu upande wa ndani ulikuwa umejikunja kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa.

Tulimkuta fundi wa pancha chini ya mgunga: mitarimbo miwili, nyundo, beseni la maji ya sabuni, na kipande cha ekseli ya lori alichokizika nusu ardhini. Alilitoa tairi kwa mkono, akalaza rimu juu ya ile ekseli, akaanza kugonga. Taratibu kabisa. Anagonga mara tatu, anazungusha, anapitisha kidole, anagonga tena. Kisha akachukua brashi ya waya akasugua kutu yote pale tairi linapokaa, akapaka sabuni, akarudisha tairi, akajaza upepo, akamwaga maji kuzunguka mdomo. Mapovu mawili madogo, kisha hakuna.

"Mzee," akaniambia, "hii ya chuma hata mara tatu nitakurudishia. Ya alumini ukiniletea, naogopa hata kuigonga."

Nilimlipa, mke wangu akampa chai, tukaondoka. Rimu ile ilitufikisha nyumbani. Haikuwa imenyooka kabisa. Kwenye lami, kuanzia kilomita 70 hivi, usukani ulikuwa unatetemeka, na Arusha niliibadilisha. Lakini ilikuwa imeshafanya kazi niliyoihitaji.

Sifa ya pili ya inchi 15 ni kwamba ndiyo saizi ya usafiri wa umma. Hiace za abiria zimejaa Tanzania na Kenya, kwa hiyo Babati, Singida, Voi, Isiolo, mahali popote panapouzwa matairi utakuta 195R15C. Huenda chapa usiijue, lakini litakuwa jipya na litaingia. Kwa saizi ya 16 au 17, katika mji huohuo unaweza kuambiwa usubiri basi la kesho kutoka mjini.

Ubaya wake nisiufiche. Chuma hushika kutu, hasa ukikaa pwani. Gari la Pangani au Malindi linahitaji rimu kuvuliwa, kusuguliwa na kupakwa rangi, la sivyo upepo utakuwa unapungua na hutaona pancha popote. Chuma iliyogongwa sana huanza kupasuka kuzunguka matundu ya nati. Kila nikivua gurudumu nafuta vumbi pale kwa kitambaa chenye mafuta na kuangalia kama kuna mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye tundu. Ukiuona, hiyo rimu imekwisha, usiichomelee. Na tairi jembamba la milimita 195 kwenye gari refu lenye paa refu huyumba. Basi kubwa likikupita kwa kasi pale kati ya Makuyuni na Minjingu, unausikia usukani mkononi.

Alumini za 16, na kwa nini 17 zilinishinda

Hapa lazima nitende haki. Alumini za inchi 16 zenye 215/65R16C zilinipa gari bora kuliko lilivyowahi kuwa, kwenye lami. Ubavu ni mfupi kwa milimita 16 na kukanyaga ni kupana zaidi, kwa hiyo kwenye kona paa halilali, upepo wa pembeni hausumbui, na breki ya ghafla inashika kwa utulivu. Uwezo wake wa kubeba ni mkubwa kuliko wa saizi ya kiwandani. Spidometa haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, maana kimo kimepungua milimita 7 tu. Mtu wa Mombasa anayekwenda Diani na Nairobi, au wa Dar anayekwenda Lushoto na Iringa, nitamwambia anunue hizi bila kusita.

Zile za 17 nilizinunua kabla, kwa pupa. Zilikuwa za mtumba, zinang'aa, na muuzaji alinihakikishia zimetoka kwenye Hiace. Matundu yaliingia, nati ziliingia, nikaondoka nimefurahi. Ubavu wa tairi ulikuwa umebaki milimita 129, yaani milimita 27 za mto wa upepo zilikuwa zimeondoka. Kwenye rasta gari zima lilikuwa linagonga meno: droo zinafunguka, skrubu za kabati zinajifungua zenyewe, friji inahama. Baada ya safari ya pili kila asubuhi gurudumu moja la nyuma lilikuwa limepungua upepo. Mafundi wawili walitafuta pancha hawakuona. Wa tatu alilivua, akaizamisha rimu yenyewe kwenye pipa la maji, na uzi wa mapovu ukatoka nyuma ya spoku moja. Ufa mwembamba kama unywele.

Ndipo nikajifunza kusoma maandishi yaliyo ndani ya rimu. Rimu za alumini za Japani hupigwa alama JWL kwa magari madogo ya abiria, na JWL-T kwa malori na mabasi, ambayo majaribio yake ya mzigo ni mazito zaidi. Zangu zilikuwa na JWL peke yake. Kwa Hiace yenye kitanda na tangi la maji, tafuta JWL-T. Ikikosekana, iache hata ukipewa nusu bei. Na rimu ya alumini yenye ufa usikubali ichomelewe. Moto wa kuchomelea hulegeza madini kuzunguka ule mstari, na hapo ndipo itakapofunguka tena, safari hii ukiwa mwendoni.

Kwa fedha niliyotoa kwa alumini zile za 17, rimu na matairi, ningenunua matairi matano mapya ya inchi 15 na kubaki na ya mafuta ya kwenda Natron na kurudi.

Rimu za magari mengine: matundu sita hayatoshi

Wauzaji wengi hukuambia "ina matundu sita, itaingia." Hiace hii ina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na magari mengi yana hivyo hivyo: Hilux, Prado, Pajero, Caravan, Ranger, D-Max. Kinachotofautiana ni mambo matatu, na kila moja linaweza kukuharibia.

La kwanza ni tundu la katikati. La Hiace ni milimita 106, na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, inapita humo. La Pajero ni milimita 67. Haitakaa kabisa, na nimewahi kuona mtu akitaka kulipanua kwa grainda. Tafadhali usifanye hivyo. Pale katikati ndipo habu huiweka rimu sawasawa.

La pili ni ofseti, yaani pale uso wa kufungia unapokaa kati ya upande wa ndani na wa nje wa rimu. Rimu ya kiwandani ya Hiace ina upana wa inchi 6 na ofseti +35. Ya inchi 16 inayotengenezwa kwa ajili ya Hiace huwa 6.5 na +38. Ukipiga hesabu inatoka nje milimita 3 tu zaidi, haina shida. Sasa chukua rimu ya Prado ya inchi 17 yenye upana 7.5 na ofseti +25: inatoka nje milimita 29 zaidi. Tairi linachungulia nje ya bodi, linarusha mawe kwenye milango, na beringi ya mbele inabeba mzigo ikiwa imevutwa nje kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya rimu na habu, zinafanya jambo hilohilo, na kwa gari zito sizipendekezi hata kidogo.

La tatu ni nati. Toyota wanatumia milimita 12 yenye thredi ya 1.5, Nissan milimita 12 yenye 1.25. Ya Nissan itaingia mizunguko miwili kwenye stadi (boliti ya gurudumu) ya Toyota kisha itakaza, na fundi mwenye nguvu ataisukuma kwa bomba la chuma mpaka iharibu thredi za stadi. Halafu kuna umbo: rimu za chuma na alumini nyingi za dukani zinataka nati yenye mdomo wa koni, ila alumini nyingi za Toyota wenyewe zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukibadili rimu, uliza nati zake hapohapo, na kama spea yako ni ya chuma wakati nne zilizofungwa ni za alumini, beba nati sita za chuma kwenye boksi la spana.

Meno: ya lami au AT

Hapa nitapita haraka kuliko watu wanavyotarajia, maana nimeona wengi wakitoa pesa nyingi kwa faida ndogo. Hiace ya kuendesha nyuma tu, yenye kilo hizi, haiwi gari la matope kwa kuvaa meno makubwa. Kwenye udongo mweusi wa Mkomazi mvua ikinyesha, yenye AT na isiyo na AT zote zinasubiri jua. Kwenye mchanga wa pwani kinachokutoa ni kupunguza upepo. Ninapoacha lami kwenda Saadani nashusha hadi PSI 26, naendesha taratibu, na kikompresa cha betri kinarudisha nikifika pagumu.

Faida ya kweli ya AT ni mpira mnene zaidi chini na mabegani, na kwenye mawe ya Natron, au yale ya kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, huo unahesabika. Ukizipata zenye namba 106 au 107 katika saizi yako, na njia zako ni za mawe, chukua. Gharama yake ni kelele kwenye lami na mafuta kidogo zaidi. Zenye plai 6 ziache hata zikiwa nzuri kiasi gani.

Kuna na wanaotaka kuinua gari kwa 225/75R16. Kimo chake ni milimita 744. Utapata milimita 25 chini ya gari, lakini ukikata kona tairi la mbele litakwaruza ndani ya madigadi, spea haitaingia mahali pake chini ya sakafu, na spidometa itakudanganya: ikisoma 50, kwa hesabu uko karibu 54. Pale penye tochi ya kupima mwendo, askari hasomi spidometa yako.

Ya 225/70R15C kwenye jedwali inapendeza kwa namba, na huko Ulaya kuna hata matairi ya nyumba za magurudumu yenye herufi CP badala ya C, yanayojazwa upepo mwingi zaidi nyuma, Michelin na Continental wanayatengeneza. Ukilikuta, ni zuri. Kulikuta Babati likipasuka moja ni jambo jingine.

Umri, na matairi ya theluji

Gari la kambi hukaa. Langu huenda kilomita 9,000 kwa mwaka, kwa hiyo matairi huzeeka kabla ya kuwa kipara. Soma tarehe: mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Miaka 10 tangu kutengenezwa ndiyo mwisho ambao viwanda vikubwa wanautaja, hata kama meno yamejaa. Kwa jua letu mimi naanza kuyakagua kwa makini kuanzia wa tano. Kunja ubavu kwa kidole gumba. Nyufa ndogo kama za udongo mkavu zikifunguka, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana tairi la mtumba, hata lenye meno mazuri, kwa gari hili silinunui.

Na kama Hiace yako imeshuka bandarini karibuni, chungulia neno STUDLESS ubavuni. Ni matairi ya theluji ya Japani, yenye mikato midogo mingi mithili ya nyuzi kwenye kila jino. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana unalainika mno, unakwisha upesi, na kwenye kona gari linaogelea. Watu huyaona yana meno mengi wakaona wamebahatika. Yavue kabla ya safari ya kwanza ndefu.

Ikiwa yako ni 4WD, nunua manne kwa pamoja, chapa moja. Tairi la kimo tofauti hulazimisha kapulingi ya katikati kufanya kazi wakati wote na kupata joto.

Nilivyofunga sasa

Chuma tano za inchi 15, zimesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi. Matairi matano mapya ya 107/105, ya spea ikiwamo, maana spea ya miaka 12 ni mzigo tu. Nati zinakazwa kwa spana ya kipimo, kisha nakaza tena baada ya kilomita 100. Upepo wa nyuma ni mwingi kuliko wa mbele, napima asubuhi kabla jua halijayapiga. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva ndicho nilichoanzia, halafu nikaongeza nyuma kwa ajili ya ile 860. Tangi la maji nimelihamishia katikati, na niliporudi kwenye mizani ya nafaka kushoto ilisoma kilo 820 na kulia 800.

Spea ya Hiace inaning'inia chini ya sakafu ya nyuma kwa mnyororo, na vumbi la Natron huuganda mnyororo huo mpaka usishuke. Ushushe nyumbani, uupake grisi, uurudishe, ujue mpini wa jeki unaingia tundu lipi. Mama watoto ndiye aliyeushusha mara ya mwisho, kwa dakika nne, kijana mkubwa akimshikia tochi ya simu.